Mraba Mmoja

Mchana kutwa reli ndiyo inayoamua.
Naendesha tramu katika mji wa Łódź,
na tramu, hata uipende vipi,
haikwepi shimo, haizunguki dimbwi,
hairudi kumfuata aliyesahau mwavuli.
Kwa hiyo usiku, viatu vikianikwa juu ya bomba la joto,
nawasha skrini, naingia katika mji
ambao mwenye koleo ni mimi.

Nina mito miwili, daraja la mbao,
majirani tisa, wote wanyama, wote wabishi.
Nungunungu Figa nimempa kiwanja karibu na duka
maana hununua mishumaa kila asubuhi, sijui ya nini.
Mbuzi Klementyna nimemweka juu, penye mwamba,
apigwe na upepo, asiyafikie maua yangu.
Kwa vyura wawili nilikosea:
niliwabananisha ukuta kwa ukuta,
wakanuniana wiki nzima,
nikalipa sarafu elfu kumi kumhamisha mmoja
miraba minne tu upande wa kushoto.
Miraba minne! Wakaanza kupelekeana supu.

Tangu hapo napima kama fundi cherehani:
mraba wa kupita, mraba wa maua,
mraba wa kupishana mwenye haraka na mwenye mzigo.
Nilichora kwanza kwenye daftari la zamu,
nyuma ya orodha ya vituo:
barabara kuu ya matofali, upana miraba mitatu,
kutoka stesheni hadi kisimani, imenyooka kama rula.
Nikaitandaza kwa siku kumi na moja.
Siku ya kumi na mbili nikamwona Figa
akiiacha, akikata majani kwa mshazari,
mishumaa kwapani.

Hata hapa nje, kwenye nyasi za ushirika wa nyumba,
ipo njia ambayo hakuna aliyeichora;
wapangaji wa ghorofa zote wameiandika kwa soli
wakiwahi kituo. Mwaka juzi ikazungushiwa uzio.
Njia ikahamia pembeni mwa uzio
ikaendelea na safari yake.
Nikang'oa matofali yangu.
Nikayafuata majani yaliyolala.

Ikabaki nyumba ya Jagoda.
Dada yangu aliijenga tulipokuwa tukiishi pamoja,
tukigombania kifaa kimoja na blanketi moja.
Paa la zambarau lisiloendana na chochote,
nayo imekaa palepale barabara inapotaka kupita.
Hajaingia tangu tulipouza nyumba ya mama
tukagawana hadi vijiko.
Magugu yamefika dirishani. Klementyna huniuliza
kila Jumapili, kwa maneno yaleyale aliyotiwa mdomoni:
"Jirani yetu analala mno, siyo?"
Nami hubonyeza jibu lililopo: "Ndiyo, amechoka."

Mchezo unaniruhusu. Sarafu ninazo.
Naweza kuivusha mto, nyuma ya misonobari,
nisiione niendapo kuchota maji.
Husemwa heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali;
hakuna aliyesema ufanyeje
na mtu mmoja aliye yote mawili.
Mara tatu nimeikunjua ramani,
kidole juu ya kitufe.
Mara tatu chai imepoa.

Usiku huu nimeipindisha barabara.
Inafika kwenye ua wake, inakata kushoto,
inauzunguka mti wa plamu alioupanda vibaya,
kisha inarudi kwenye mstari, imechelewa kidogo.
Haipendezi. Kwenye ramani
inaonekana kama mtu aliyekatizwa sentensi.
Magugu nimeyang'oa, si yote,
ya mlangoni tu.
Kati ya kizingiti chake na barabara
nimeacha mraba mmoja bila tofali.
Figa ameshaanza kuukanyaga.

Saa tisa na nusu. Zamu yangu ni saa kumi.
Nazima.
Viatu bado vibichi.